Pembe za mistari inayokatana: maswali ninayoulizwa na wanafunzi, wazazi na mafundi wa Mwanza

Ninafundisha hisabati jioni hapa Kirumba. Wanafunzi wangu ni wa darasa la tano mpaka kidato cha pili, na wengi wao wazazi wanafanya kazi mwaloni wanakoshusha samaki, gereji, sokoni au kwenye ujenzi. Sura ya pembe ndiyo inayoniletea maswali kuliko zote, na mengine huletwa na wazazi wenyewe wanapokuja kumchukua mtoto. Haya ni yale yanayorudi kila muhula. Nimeyajibu kwa urefu ambao ubaoni sipati nafasi nao.

Kabla hujaanza, chukua karatasi, rula na penseli. Mada hii haisomwi kwa macho peke yake.

## Pembe ni nini? Mbona mtoto wangu anasema mistari mirefu ndiyo yenye pembe kubwa?

Kosa hili linatoka kwenye lugha yetu wenyewe, ndiyo maana silikemei. Huku Usukumani mtoto anaijua pembe ya ng'ombe kabla hajaijua ya daftari, na pembe ya ng'ombe huonekana kwa urefu: iliyo ndefu ni kubwa, iliyo fupi ni ndogo. Akionyeshwa mistari miwili mirefu iliyobanana, na mingine miwili mifupi iliyopanuka, anachagua mirefu. Kwa alichokijua mpaka siku hiyo, yuko sahihi.

Pembe ya hisabati ni kiasi cha kugeuka. Ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga, nyoosha mkono kuelekea kilima cha Bugando, kisha ugeuze mpaka uelekee Capri Point. Ule mgeuko ndio pembe. Mkono ukiwa mfupi wa mtoto au mrefu wa baba yake, mgeuko ni uleule. Mahali mistari inapokutana, yaani begani kwako, huitwa kipeo. Nikimaliza zoezi hilo kwa mikono, mtoto huwa harudii tena kosa la urefu.

Majina yatakayotumika: iliyo chini ya nyuzi 90 ni pembe kali, ya nyuzi 90 kamili ni pembe mraba, iliyo kati ya 90 na 180 ni pembe butu, na ya 180 ni pembe nyoofu.

## Hizo nyuzi ni nyuzi gani? Na kwa nini mzunguko ni 360, si 100?

Binti mmoja wa darasa la sita, ambaye mama yake anashona nyavu, aliniuliza kama ni nyuzi za wavu au za cherehani. Ni neno moja lenye kazi mbili. Kwenye vipimo, uzi mmoja ni sehemu moja ukigawa mzunguko mzima katika sehemu 360 zilizo sawa. Wengine husema digrii, ni kitu kilekile.

Namba yenyewe ina uhusiano na Wababeli wa kale, katika nchi inayoitwa Iraki leo, waliohesabu kwa makundi ya sitini. Saa yetu bado inabeba mtindo huo, dakika 60 na sekunde 60. Uzuri wa 360 ni kwamba inagawanyika bila baki kwa namba 24 tofauti. Nusu yake ni 180, robo ni 90, theluthi ni 120, zote namba kamili. Kwa 100 ungekwama kwenye theluthi tu.

## Kwa nini pembe zinazotazamana ni sawa? Kitabu kinasema tu kwamba ni sawa.

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na linaniuma mtoto anaponiambia ameambiwa "kariri hivyohivyo". Sababu yake inakaa kwenye mistari minne ya daftari, na inatoka kwenye jambo moja tu ambalo kila mtu analikubali: mstari mnyoofu ni nusu ya mzunguko, nyuzi 180.

Chora herufi X kubwa. Pembe ya juu iite a, ya kulia b, ya chini c, ya kushoto d.

Sasa funika kwa fikra mstari mmoja na utazame mwingine: ule unaoshuka kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Ni mstari mnyoofu. Upande wake wa juu kuna pembe mbili tu, a na b. Kwa hiyo a + b = 180.

Geukia mstari wa pili, unaopanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Nao ni mnyoofu. Upande wake wa chini kuna b na c. Kwa hiyo b + c = 180.

Tazama b. Ipo katika hesabu zote mbili. Ukitaka kufika 180, b inahitaji kuongezewa a. Ukitaka kufika 180, b hiyohiyo inahitaji kuongezewa c. Basi a na c haziwezi kutofautiana.

Kwa wanaoelewa kwa mzani kuliko kwa herufi: weka juu ya mzani furushi la dagaa a pamoja na furushi b, mzani ukasoma kilo 18. Ondoa a, acha b palepale, weka furushi c. Mzani ukasoma tena 18. Je, kuna haja ya kupima a na c kando kando? Kila mtoto wa mwaloni hujibu kabla sijamaliza kuuliza.

Kwa njia hiyohiyo b na d ni sawa. Hizi ndizo pembe mkabala. Zile zinazokaa bega kwa bega kwenye mstari mmoja, kama a na b, hapa naziita pembe jirani. Jumla yao ni 180. Kwa hiyo mistari miwili ikikatana unahitaji kupima pembe moja tu. Ukipata 50, basi mkabala wake ni 50 na zile mbili zilizobaki ni 130 kila moja.

Anayeweza kuandika sababu hii bila kutazama kitabu, mimi namhesabu amemaliza nusu ya sura.

## Nimepima nikapata 52 na 50. Kanuni imekosea?

Hapana. Penseli ina unene, na kipimapembe chako huenda hakikukaa sawasawa kwenye kipeo. Kupima kunakuambia habari za mchoro ulioko mbele yako. Hoja ya hapo juu inazungumzia mistari yote minyoofu inayokatana, hata ile ambayo hakuna atakayeichora. Ukipima mara mia moja umejua michoro mia moja.

## Kipimapembe kina namba mbili mahali pamoja. Nisome ipi?

Pale penye 50 pameandikwa pia 130, penye 70 pana 110. Jumlisha: kila mara ni 180. Kifaa chenyewe kimebeba kanuni ya pembe jirani, mstari mmoja unaanza kuhesabu kutoka kulia na mwingine kutoka kushoto.

Anza kuhesabu kutoka kwenye sifuri iliyolala juu ya mkono mmoja wa pembe yako. Na kabla ya kusoma namba yoyote, amua kwa macho: hii ni pembe kali au butu? Ukishaona ni kali, 130 haiwezi kuwa jibu. Nawasisitiza sana watoto wakadirie kwanza, kwa sababu kosa hili la kusoma upande usiofaa nimeliona kwenye madaftari mengi kuliko kosa jingine lolote.

## Njia panda ya mtaani kwetu pembe zake mkabala hazilingani. Tumepima kwa picha ya setilaiti.

Wanafunzi wawili waliniletea hili na nilifurahi sana, maana walikwenda kutafuta mahali kanuni inapovunjika. Pembe walizopata, kwa kuzunguka, ni 70, 100, 80 na 110. Jumla ni 360, sawa kabisa. Lakini 70 inatazamana na 80, na 100 inatazamana na 110.

Jumlisha jirani kwa jirani. 100 na 80 ni 180, kwa hiyo barabara moja imepita moja kwa moja. Lakini 70 na 100 ni 170. Barabara ya pili haikunyooka: imepinda kwa nyuzi 10 palepale kwenye makutano. Mwanza ni mji wa miamba, barabara hukwepa jiwe na kilima, na mara nyingi hupinda hapohapo zinapokutana.

Kwa hiyo unapoulizwa kama pembe mkabala ni sawa, swali la kwanza ni: je, mistari yote miwili inapita kwenye kipeo bila kupinda? Kama mmoja unapinda, huna pembe mkabala, una pembe nne zilizozunguka nukta. Kilichobaki na uhakika ni 360 tu.

## Swali la x nimelikosa, na hesabu yangu haina kosa hata moja. Kwa nini?

Nakisia ulitazama namba kabla ya kutazama mchoro. Chukua pembe mbili, moja ni 3x + 10 na nyingine ni 5x − 30.

Zikiwa mkabala, zinalingana: 3x + 10 = 5x − 30. Inabaki 40 = 2x, basi x = 20, na kila moja ni nyuzi 70.

Zikiwa jirani, zinajumlishwa: 3x + 10 + 5x − 30 = 180. Inabaki 8x = 200, basi x = 25. Pembe ni 85 na 95.

Maandishi ni yaleyale, majibu ni tofauti, na kila moja ni sahihi kwenye mchoro wake. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi waweke kidole kwenye kipeo, waulize "zinatazamana au zimekaa pamoja?", kisha ndipo waandike alama ya kwanza ya mlinganyo. Ukimaliza, rudisha x kwenye pembe. Kukosa alama kwa sababu umeishia kwenye x = 20 na swali lilitaka ukubwa wa pembe ni jambo linaloweza kuepukwa kabisa.

## Mimi ni mvuvi. Pembe hizi zinanihusu nini?

Shika wavu, utazame fundo moja. Nyuzi zinatoka pande nne kama X. Sasa uvute wavu kwa urefu, taratibu. Pembe ya juu na ya chini ya fundo zinabanana pamoja, kwa kiasi kilekile. Za kushoto na kulia zinapanuka pamoja. Ya juu ikiwa 60, ya pembeni ni 120. Ukivuta mpaka ya juu ikawa 20, ya pembeni imefika 160. Hakuna namna ya kubana moja bila mwenzake wa upande wa pili kubana, wala bila jirani kupanuka.

Vuta mpaka mwisho: ya juu inakaribia 0, ya pembeni inakaribia 180, na nyuzi mbili zimelala pamoja kama mstari mmoja. Ukubwa wa jicho hupimwa hapo, wavu ukiwa umenyooshwa, kutoka fundo hadi fundo, na sababu ni ya kijiometri. Jicho lililolegea linaweza kuwa na umbo lolote, jembamba au pana, ilhali uzi ni uleule. Likinyooshwa, pembe hazichezi tena, unabaki na urefu wa uzi peke yake.

Na kama unataka kujua jicho lina nafasi kubwa zaidi lini: ni pale pembe zote nne zinapokuwa nyuzi 90, jicho likiwa mraba kamili. Ukilibana upande wowote, nafasi ya samaki kupita inapungua. Mama anayeshona nyavu anaona jambo hili kwa mikono yake kila siku. Nimekaa na akina mama hao, na sijawahi kupata darasa zuri zaidi la pembe mkabala.

## Fundi anapiga skwea kwenye kona moja tu ya msingi. Inatosha?

Kwa kona hiyo, inatosha. Mafundi hufunga nyuzi kwenye vigingi vilivyo nje ya msingi, na nyuzi mbili zinakatana juu ya kona. Hapo kuna pembe nne. Moja ikiwa 90, jirani yake ni 180 toa 90, yaani 90, na mkabala ni 90. Pembe mraba moja inazaa nyingine tatu bure. Kwa nyumba ya pembe nne, kona tatu zikiwa mraba ya nne haina pa kwenda, itakuwa mraba.

Njia ya tatu-nne-tano ni nzuri: mita 3 kwenye uzi mmoja, mita 4 kwenye mwingine, na kati ya alama hizo mbili iwe mita 5 kamili. Lakini usiseme "sentimita kumi si kitu". Ikisoma mita 5.1 badala ya 5, kona imefunguka kufikia karibu nyuzi 92.4. Kwenye ukuta wa mita 10, mwisho wa ukuta umehama takriban sentimita 42. Hiyo ni bati kukosa kufika, na mzazi mmoja aliniambia ndivyo ilivyomtokea.

Kwa viwanja vya mlimani, kama Igogo au Mabatini, timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, inasaidia kujua mteremko. Laza ubao juu ya mteremko, weka kipimapembe juu ya ubao kikiwa kimepinduliwa, upande wake ulionyooka ukiwa juu na sambamba na ubao, uning'inize timazi kutoka katikati yake. Ubao ukiwa umelala sawa, uzi unapita kwenye 90. Ukiinama nyuzi 15, uzi unapita 15 kando ya 90. Sababu: timazi iko mraba na ardhi iliyolala, alama ya 90 iko mraba na ubao. Ukigeuza mistari miwili yote kwa nyuzi 90, pembe iliyo kati yao haibadiliki.

## Mistari mitatu ikikatana mahali pamoja?

Pembe sita, zikiwa jozi tatu za mkabala. Jumla ya tatu zinazofuatana ni 180. Ukijua mbili, tuseme 40 na 75, ya tatu ni 65, na zile tatu za upande wa pili ni 40, 75 na 65 tena.

## Mistari sambamba ikikatwa na mstari mwingine, pembe nane zote nizikariri?

Kariri mbili, nyingine utazitoa mwenyewe.

Simama pale barabara inapokata reli kwa mshazari. Vyuma viwili vya reli ni mistari sambamba. Vimewekwa umbali uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na reli yetu ya kati, iliyofika Mwanza mwaka 1928, isingebeba behewa hata moja bila sharti hilo. Ukingo wa barabara ni mstari unaokata vyote viwili. Kwenye chuma cha kwanza kuna pembe nne, kwenye cha pili nne.

Pima moja kwenye chuma cha kwanza, tuseme 65. Kwa yale tuliyokwisha kuyajua, nne za hapo ni 65, 115, 65, 115. Chuma cha pili je? Hapa lazima niseme wazi: mstari mnyoofu wenye nyuzi 180 hautoshi peke yake. Tunahitaji jambo la pili, nalo ni kwamba kwenye mistari sambamba, pembe zilizo katika nafasi moja zinalingana. Fikiria unateleza na makutano ya kwanza yote kwa pamoja kando ya barabara mpaka yalale juu ya makutano ya pili. Yanalala sawasawa, kwa sababu vyuma vinaelekea upande mmoja. Basi nne za pili nazo ni 65, 115, 65, 115.

Pembe nane, ukubwa wa aina mbili tu. Ukitaka kujua kama mbili zilizochaguliwa ni sawa, tazama: zote kali, au zote butu? Ni sawa. Moja kali na nyingine butu? Jumla ni 180.

Watoto hupenda kutafuta herufi. Zilizo katika nafasi moja huonekana kwenye F. Zilizo ndani, pande mbili tofauti za mstari unaokata, huonekana kwenye Z, na ni sawa. Zilizo ndani upande mmoja huonekana kwenye U, na jumla yake ni 180. Herufi zisaidie macho, lakini zisichukue nafasi ya sababu: pembe za Z ni sawa kwa kuwa moja inalingana na mkabala wa nyingine. Na kumbuka herufi hizi hazina maana kama mistari si sambamba. Mitihani huweka mistari inayoonekana sambamba bila kusema ni sambamba. Tafuta alama za mishale, au maneno yenyewe.

Kinyume chake pia ni kweli, na mafundi wanakitegemea: pembe za Z zikilingana, basi mistari ni sambamba. Anayetengeneza chanja ya kuanikia dagaa anaweza kuhakikisha fito zake hivyo bila kupima umbali kutoka mwanzo hadi mwisho.

## Hii ndiyo sababu pembetatu ina nyuzi 180?

Ndiyo. Chora pembetatu, kisha kwenye ncha ya juu pitisha mstari ulio sambamba na kitako. Pembe mbili za chini zinapanda juu, kila moja kwa Z yake, na kukaa kando ya pembe ya juu. Tatu hizo sasa ziko kwenye mstari mmoja mnyoofu. 180.

Ukivuka Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, lenye urefu wa takriban kilomita 3 juu ya maji ya ghuba, tazama nguzo na kamba zake za chuma. Nguzo, sakafu ya daraja na kamba moja vinafanya pembetatu yenye pembe mraba. Kwa hiyo pembe ya kamba na sakafu, ukijumlisha na pembe ya kamba na nguzo, ni 90.

## Nani aligundua haya?

Thales wa Miletus, mji uliokuwa kwenye pwani ya Uturuki ya leo, katika karne ya 6 KK, anatajwa kuwa wa kwanza kueleza kwamba pembe mkabala ni sawa. Habari hiyo imetufikia kupitia mwanafalsafa Proclus, aliyeandika karne ya 5 BK akimtegemea Eudemus, mwandishi wa kale zaidi wa historia ya hisabati. Proclus anaongeza kwamba ushahidi kamili ulitolewa na Euclid, aliyefundisha Alexandria, Misri, karibu mwaka 300 KK. Kwenye kazi yake, kitabu cha kwanza, hoja ya 13 inahusu pembe jirani na ya 15 inahusu pembe mkabala, kwa sababu ileile niliyoiandika hapo juu. Mtoto wa Kirumba akiielewa, ameelewa kile hasa alichokiandika mtu huyo Afrika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita.

## Na juu ya dunia, ambayo ni duara, kanuni hizi zinashika?

Pembe mkabala, ndiyo: ukichora njia mbili zilizonyooka juu ya mpira zikikatana, zinazotazamana ni sawa. Kanuni za mistari sambamba, hapana. Mistari ya longitudo yote inakata ikweta kwa nyuzi 90, kwa hiyo ingepaswa kuwa sambamba, lakini inakutana kwenye ncha za dunia. Pembetatu yenye kitako kwenye ikweta na kilele kwenye Ncha ya Kaskazini ina nyuzi 180 kwenye kitako peke yake, kabla hujahesabu ya juu. Kwa kiwanja cha nyumba hili halikusumbui.

## Mtoto akiingia kidato cha kwanza maneno yote yanakuwa ya Kiingereza. Atapotea?

Aliyekariri maneno huhangaika sana, na nimewaona. Aliyezoea kuchora X na kusema kwa nini, hujifunza jina jipya la kitu anachokijua tayari. Mwombe akueleze sababu kwa Kiswahili nyumbani, hata kama wewe hukusoma. Utajua kama ameelewa.

## Kuna kitu kikubwa tunaweza kupima kwa pembe hizi, hapahapa?

Kuna umbali wa Mwanza hadi ikweta. Mnamo tarehe 20 Machi na 22 au 23 Septemba, jua la adhuhuri linakuwa juu kabisa ya ikweta. Kaskazini mwetu moja kwa moja, ikweta inapita ndani ya ziwa lenyewe, upande wa Uganda, mbali kupita mpaka wetu wa majini ulioko latitudo nyuzi 1 Kusini.

Simamisha fimbo ya mita moja mahali tambarare, uihakiki kwa timazi. Hapa Mwanza jua hufika juu zaidi karibu saa 6:56 mchana mwezi Machi, na saa 6:41 Septemba. Kivuli kitalala kuelekea kusini, kifupi sana: sentimita 4.4 hivi.

Sasa Z. Miale ya jua inatufikia ikiwa sambamba. Mwale mmoja unagusa ncha ya fimbo yako. Mwingine unashuka juu ya ikweta na, ukiurefusha, unafika kitovu cha dunia. Fimbo yako nayo, ukiirefusha chini, inafika kitovu hichohicho, kwa hiyo ndiyo mstari unaokata. Pembe kati ya fimbo na mwale hapo juu ni sawa na pembe iliyoko kitovuni kati ya Mwanza na ikweta.

Duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 100 lina mzingo wa sentimita 628. Fikiria duara hilo lina kitovu kwenye ncha ya fimbo: kivuli, kwa kuwa ni kifupi sana, ni kama kipande cha mzingo wake, yaani 4.4 ya hizo 628. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 hivi. Zidisha 40,000 kwa 4.4, gawa kwa 628: kilomita 280. Eratosthenes alipima dunia nzima kwa Z hiyohiyo huko Misri, katika karne ya 3 KK. Yeye alijua umbali akatafuta mzingo.

Ukingo wa kivuli utaonekana umefifia, kwa sababu jua si nukta. Weka alama katikati ya ufifi, na upime mara kadhaa kuanzia dakika kumi kabla mpaka dakika kumi baada, kisha uchukue kivuli kifupi kuliko vyote. Nusu sentimita ikikupotea, umekosea kama kilomita 32. Fimbo ya mita mbili inapunguza kosa hilo kwa nusu, mradi mtu mmoja aishike vizuri upepo wa ziwa ukianza.